Ukizidisha Mara Mbili, Hupati Mara Mbili

Hii ni hotuba niliyoitoa Tanga mjini mbele ya mafundi bomba, wanafunzi wa ufundi, wauguzi kadhaa na wazee wa mtaa. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote, nami nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani tu ndizo sikuzileta, na hata hivyo hazikuonekana vizuri kwa sababu ya jua.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za kazi? Vijana, mambo?

Ndugu mwenyekiti amenipa mada ndefu: matumizi ya kisasa ya mekanika ya giligili katika maisha ya kila siku na viwandani. Nimemwona mzee wangu mmoja pale mbele amelisoma bango, akamtazama mwenzake, wakacheka. Msicheke, wazee wangu. Giligili ni chochote kinachotiririka: maji, hewa, mafuta, mvuke, damu. Aliyefungua koki leo asubuhi ameitumia mada hii. Aliyekuja na bodaboda upepo ukimpiga kifuani ameitumia. Aliyekaa kimya anapumua anaitumia sasa hivi, na hajalipa kiingilio.

Sikuja kuwamwagia kanuni. Nina jambo moja tu, na naanza nalo kwa swali. Nijibuni kwa mikono. Una bomba la nusu inchi. Umelitoa, umeweka la inchi moja. Presha ni ileile, urefu ni uleule. Maji yataongezeka mara ngapi? Mara mbili? Naona mikono mingi. Mara nne? Mikono michache, hao wamekumbuka eneo la duara, hongereni. Kuna anayesema mara sita? Hakuna.

Ndugu zangu, jibu ni mara sita na ushei.

Hilo ndilo jambo langu. Kwenye vitu vinavyotiririka, ukizidisha mara mbili hupati mara mbili. Unaweza kupata mara nne, mara sita, mara nane, mara kumi na sita. Na ukipunguza nusu, hupotezi nusu, unapoteza karibu vyote. Vichwa vyetu vimezoea kwamba kikiongezwa kidogo kinapatikana kidogo, kikiongezwa kingi kinapatikana kingi. Maji hayana habari na mazoea yetu. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotea, na hapo ndipo fundi anayejua anapojitofautisha na fundi anayebahatisha.

Nitoe kisa. Kuna bwana mmoja alijenga nyumba ya ghorofa moja kwenye mwinuko. Tangi la akiba liko chini, tangi la kugawa liko juu ya paa, katikati kuna pampu ndogo. Maji yakawa yanapanda kwa kusuasua. Akioga mtu mmoja, wa pili anasubiri. Akaita fundi. Fundi akasikiliza pampu inavyonguruma, akatikisa kichwa, akasema: mzee, pampu hii imechoka, nunua kubwa. Akanunua. Maji yakaongezeka kidogo, kidogo sana. Kilichoongezeka kwelikweli ni umeme. Kila akinunua LUKU inaisha kabla ya siku zake. Akaita fundi mwingine, naye akashauri pampu kubwa zaidi. Mnacheka kwa sababu mnawajua.

Tatizo lilikuwa wapi? Bomba la kupandisha lilikuwa la nusu inchi, limezungushwa pembe zote za nyumba ili lisionekane, elbo juu ya elbo, yaani vile viungio vya kona. Sasa sikilizeni hesabu hii, hasa ninyi vijana. Ukitaka kupitisha maji yaleyale kwenye bomba lenye nusu ya kipenyo, presha inayoliwa na msuguano inapanda karibu mara 30. Si mara mbili. Si mara nne. Thelathini! Unamnunulia mtu pampu kubwa ili akapigane na msuguano ambao ungeufuta kwa bomba la inchi moja.

Hapa msinielewe vibaya. Kupandisha maji mita 10 juu kunataka presha ya baa 1 hivi, baa ni kipimo cha presha, na deni hilo halina msamaha. Hata ukiweka bomba la kupita ng'ombe, utalilipa. Deni la msuguano ndilo linalosameheka. Kwa hiyo fundi mzuri, kabla hajaigusa pampu, anauliza maswali mawili: maji yanapanda mita ngapi, na yanapita njia gani? Yule bwana alibadilishiwa bomba, elbo zikapunguzwa, na pampu yake ya kwanza, ile iliyosemwa imechoka, ikarudishwa ikafanya kazi. Ile kubwa aliuza kwa hasara.

Na kutu je? Chukua bomba la chuma la milimita 25 kwa ndani. Likaote kutu na chokaa milimita mbili na nusu tu pande zote. Ukichungulia unaona tundu bado kubwa, unasema halijambo. Lakini maji yamepungua kwa zaidi ya asilimia 40. Nyumba za zamani hapa mjini zinaujua ugonjwa huu.

Sasa nawageukia wauguzi. Dada zangu, mama zangu, ninyi ni mafundi bomba wenzetu, msikatae. Mnapanga dripu, mnatundika chupa juu, mnaregeza kile kigurudumu. Kwa nini chupa iko juu? Kwa sababu urefu ule ndio presha yenu, pampu yenu haina mota. Na zile kanula zenu, vile vimirija mnavyoviingiza mshipani, zina rangi. Pinki, kijani, kijivu, bluu, njano ya watoto. Mama aliyetoka kujifungua anavuja damu nyingi. Utamwekea ipi?

Kijivu! Nimesikia, na ya pili mkono wa pili. Barabara kabisa. Ile ya pinki hupitisha takribani mililita 60 kwa dakika. Ya kijivu hukaribia 200. Zitazameni kwa macho: tofauti ya upana haifiki mara mbili, ni kama nusu milimita hivi. Maji yanayopita ni zaidi ya mara tatu. Nusu milimita hiyo, kwa mama anayevuja damu, ndiyo kila kitu.

Aliyetufungulia mlango huu alikuwa daktari, Mfaransa, jina lake Poiseuille. Katika miaka ya 1830 na 1840 alitaka kujua damu inapitaje kwenye vimishipa vidogo visivyoonekana. Akachukua mirija ya kioo myembamba sana, akapitisha maji, akapima kwa subira. Mjerumani mmoja, Hagen, mhandisi, alikuwa anafanya kazi kama hiyo upande wake. Wote wawili wakafika palepale: katika mrija mwembamba ambamo maji yanapita kwa utulivu, ukizidisha upana mara mbili, mtiririko unazidi mara 16. Mara mbili, kwa mara mbili, kwa mara mbili, kwa mara mbili. Kwenye mabomba yetu ya nyumbani tunapata sita badala ya kumi na sita kwa sababu humo maji hayatulii, yanavurugika na kujigonga. Osborne Reynolds aliionyesha tofauti hiyo kule Manchester mwaka 1883 kwa kupitisha uzi wa rangi ndani ya maji: ukienda polepole uzi unabaki umenyooka, ukiongeza kasi unafika mahali unasambaratika ghafla. Fungueni koki kidogo leo jioni mtaona maji meupe yaliyonyooka kama kioo. Fungueni zaidi, yanaanza kukunjana na kupiga kelele. Hapo mmemwona Reynolds bila kupanda ndege.

Wazee wangu, hili linawahusu pia. Wengi wenu mnameza vidonge vya presha, na baadhi ni amlodipine. Kidonge kile hakipunguzi damu. Kinachofanya ni kulegeza kuta za vimishipa vidogo, vikapanuka kidogo. Kidogo tu! Lakini kwa hesabu ya daktari Poiseuille, kidogo hicho kinatosha kuushusha ukinzani kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana mnaambiwa msiache dawa kwa sababu eti mmejisikia vizuri. Vimishipa vikirudi kubana, hata kwa kiasi kidogo, presha hairudi kidogo.

Naona vijana wanasinzia. Tuzungumze majini.

Ndiyo, majini. Tanga hatuyaogopi. Kulikuwa na jengo moja la wapangaji, kila usiku saa nne hivi ukuta unagongwa. Dum! Kisha dum, dum, dum, inafifia. Wapangaji wawili wakahama. Mwenye nyumba akaleta mtaalamu wa kufukiza ubani kabla hajamleta fundi bomba. Ubani ulifukizwa, na usiku saa nne ukuta ukagongwa vilevile. Kwa nini saa nne? Kwa sababu saa nne tangi la juu lilikuwa linajaa na pampu inazimika. Maji yaliyokuwa yanapanda yanasimama, yanaanza kurudi chini, halafu valvu ya kuzuia maji yasirudi inajifunga kwa kishindo. Shehena nzima ya maji iliyokuwa inatembea inaambiwa simama! Haina pa kwenda. Mwendo wake wote unageuka presha, na presha hiyo inasafiri ndani ya bomba, inagonga mwisho, inarudi, inagonga tena.

Mrusi Nikolai Zhukovsky aliipima kazi hii kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa miaka ya 1890. Alipata hesabu ambayo mpaka leo kila mhandisi wa maji anaitumia. Kwenye bomba la chuma, maji yanayokwenda mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu, yakisimamishwa ghafla yanazua presha ya ziada ya baa 12 au zaidi. Bomba la nyumbani kwako limezoea baa mbili, tatu. Ongeza kumi na mbili kwa mpigo. Mnashangaa viungio vinaanza kuvuja? Bomba la plastiki lina unafuu, linatanuka kidogo, presha inakuwa ndogo. Lakini nalo likipigwa kila siku linachoka.

Dawa yake si ubani. Ni kufunga polepole. Geti valvu ile ya kuzungusha ina busara hiyo, inakulazimisha uzungushe. Hizi koki za kisasa za kugeuza mkono mara moja, robo duara tu, ni nzuri kwa jikoni lakini kwenye laini kubwa ni hatari mkononi mwa mtu mwenye haraka. Pale kwenye jengo tuliweka chombo chenye hewa karibu na pampu ili maji yawe na pa kusukuma, na valvu ikabadilishwa. Majini yakahama bila kuagwa.

Lakini ngojeni. Pigo hilohilo linalopasua bomba, kuna mtu alilifunga nira likafanya kazi. Joseph Montgolfier wa Ufaransa, yeye na ndugu yake ndio waliorusha puto la hewa ya moto mwaka 1783. Mwaka 1796 alibuni pampu isiyotumia mota, isiyotumia mafuta, isiyotumia mkono wa mtu. Maji ya kijito yanateremka kwenye bomba, yanashika kasi, kasi inaifunga valvu kwa nguvu, dum, pigo linasukuma maji kidogo juu mlimani. Presha inashuka, valvu inafunguka yenyewe, maji yanaanza tena. Inagonga hivyo mchana na usiku. Gharama yake ni kwamba maji mengi yanamwagika yarudi kijitoni na machache ndiyo yanayopanda. Tupige hesabu: kijito kinateremka mita 2, wewe unataka maji mita 20 juu, pampu inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 60. Ukiingiza lita 100 kwa dakika, zinapanda lita 6. Ni kidogo? Haya, zidisha kwa saa 24. Lita 8,640 kwa siku, bila senti ya umeme. Na ninyi mnaotoka Lushoto na Bumbuli, vijito mnavyo, miteremko mnayo, na chuma chakavu kipo. Mnangoja nini? Sijaelewa kwa nini kifaa hiki kinasomwa darasani kwa ajili ya mtihani tu, kisha wahitimu wanakwenda kijijini kuuza jenereta.

Tutoke kwenye maji tuingie kwenye upepo, na hapa nitapita haraka kwa sababu muda unanikimbia. Upepo wa mita 12 kwa sekunde hauna nguvu mara mbili ya ule wa mita 6. Una mara ngapi? Nimesikia mara nne. Zidisha tena. Mara nane! Ukizidisha kasi, unazidisha uzito wa hewa inayopita kila sekunde, na kila kilo yake inabeba nguvu mara nne. Ndiyo maana wenzetu wa Kenya hawakupanda mitambo yao ya upepo popote tu. Walikwenda mbali, Loiyangalani kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ambako hewa inabanwa kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru na inatoka kwa kasi kama maji yaliyozibiwa kwa kidole. Mitambo 365 imesimama pale, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Ilibidi barabara ijengwe upya na laini ndefu ya umeme ivutwe mpaka Suswa, na bado ililipa, kwa sababu ya hiyo mara nane.

Na madereva mliopo hapa, hesabu hiyo inawatoza ninyi pia. Basi likitoka kilomita 80 kwa saa likaenda 100, kasi imeongezeka robo tu. Nguvu ya injini inayotumika kuipasua hewa imekaribia kuwa mara mbili. Kutoka hapa mpaka Dar, kilomita 350 hivi, umeokoa dakika hamsini za kwenye karatasi, ambazo utazipoteza zote kwenye foleni za kuingia mjini. Dizeli haitarudi.

Nakuja sasa kwenye jambo lililo mlangoni petu. Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi. Kila mtu hapa ana ndugu au jirani aliyewahi kuzungumzia ajira za bomba la mafuta. Ubishi wa fidia na mazingira una jukwaa lake, na ni ubishi halali, sitauingia. Mimi nazungumza kama fundi. Bomba linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka hapa Tanga, na kilomita 1,147 za hizo ziko ndani ya Tanzania. Kipenyo ni inchi 24. Kwa nini wanalipasha moto? Nani anajua?

Mama mmoja amesema mafuta yanaganda. Mama, umemaliza kazi yangu. Mafuta ya nazi unayoyaweka dirishani, mwezi wa saba kukiwa na kipupwe, asubuhi unayakuta meupe magumu, unayachota kwa kijiko. Jua likipanda yanamiminika. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa isipokuwa joto kidogo. Mafuta ya Uganda yamejaa nta, na tabia yake ni hiyohiyo. Kwa joto la kawaida la hewa yetu hayatiririki, yanaganda. Kwa hiyo lazima yasafiri yakiwa kwenye nyuzi 50 hivi njia nzima. Mabomba yamevalishwa povu zito la kuhifadhi joto, kazi iliyofanyika kwenye kiwanda cha Sojo, Nzega, na pembeni yake unapita waya wa umeme wa kuyapasha.

Fikirini kazi ya mhandisi wa mnato, yaani ule uzito wa mafuta unaoyafanya yagome kutiririka. Nyuzi chache tu zikishuka, mafuta hayawi mazito kidogo, yanakuwa mazito kupita kiasi. Na mafuta yakisimama ndani ya bomba refu, yakapoa, yakaganda, kuyaanzisha tena ni kama kuamsha reli nzima. Ndiyo maana njiani kuna vituo sita vya kusukuma. Cha ajabu zaidi kwa wasiojua, kuna vituo viwili vya kupunguza presha. Kupunguza! Kwa nini mtu aliyelipia kusukuma alipie tena kupunguza? Kwa sababu bomba linatoka nyanda za juu linashuka mpaka usawa wa bahari, na kimo chote hicho kinageuka presha chini. Kumbukeni: mita 10 za maji, baa moja. Mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji, lakini mteremko wa mita mia kadhaa hauchezewi.

Kuna sehemu ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuja. Nataka niwapeleke Kihansi.

Mto Kihansi unaporomoka kutoka milima ya Udzungwa. Kati ya pale maji yanapochukuliwa na pale mitambo ilipo kuna kimo cha takribani mita 850. Pigeni hesabu na mimi: baa 85 chini kabisa. Gurudumu la gari dogo hujazwa baa mbili hivi. Presha hiyo ukiifungulia mdomo mwembamba, maji yanatoka kwa kasi inayokaribia mita 130 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Yanagonga vikombe vya gurudumu la Pelton. Lester Pelton alikuwa fundi wa kawaida kwenye migodi ya dhahabu ya California, Marekani, na hati yake ya ubunifu ni ya mwaka 1880. Ubunifu wake ni kikombe kilichogawanywa katikati kwa ukingo mkali, kikapasua maji pande mbili na kuyageuza nyuma. Gurudumu likizunguka kwa nusu ya kasi ya maji, maji yanatoka yakiwa yamechoka kabisa, yamekabidhi karibu nguvu zote. Mitambo mitatu, megawati 180, kwa maji kidogo. Kwa mhandisi, Kihansi ni raha. Nasema kweli, nimesimama mbele ya michoro yake nikafurahi kama mtoto.

Lakini kabla ya mitambo, maji yale yalikuwa yanafanya kazi nyingine. Yalikuwa yanaporomoka korongoni na kupasuka kuwa ukungu. Ndani ya ukungu huo, kwenye eneo la hekta mbili hivi, aliishi chura ambaye hapatikani popote pengine duniani. Wa manjano, hafiki sentimita tatu, na hatagi mayai majini kama wenzake. Anazaa vichura vilivyokamilika. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa ya maji ya maporomoko ilihamia kwenye bomba, na ukungu ukakatika.

Sasa tukumbuke jambo letu. Ukipunguza maji, hupunguzi ukungu kwa kiasi kilekile. Ukungu unategemea nguvu ya maji yanapogonga mwamba, na unategemea ukubwa wa matone. Tone dogo sana likigawanywa nusu ya upana, linadondoka kwa robo ya kasi. Linaelea, linachukuliwa na upepo, linafika mbali. Tone kubwa linaanguka palepale. Hesabu hiyo ndiyo inayomhangaisha mtengenezaji wa dawa ya pumu ya kuvuta, anayetaka matone yafike ndani ya pafu yasiishie kooni. Ndiyo inayomhangaisha mkulima mwenye bomba la kupulizia mgongoni, dawa ikimrudia usoni. Ndiyo ya nozeli za injini ya dizeli. Kule Kihansi ilikuwa suala la uhai wa kiumbe.

Walifanya nini? Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu vyura 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kuhifadhiwa. Korongoni wakatandaza mabomba yenye vinyunyizio juu ya miamba, maji yanashuka kwa mteremko wenyewe, bila pampu, yanapita kwenye vitundu vidogo na kutoka kama ukungu. Vyura wakaanza kurudi kuwa wengi. Kisha mwaka 2003 idadi ikaporomoka, na ugonjwa wa fangasi wa ngozi ulikutwa kati yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Wale wa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, walikuwa wanazaana. Mwaka 2010 mia moja wakapandishwa ndege wakarudi Dar es Salaam, Chuo Kikuu, na miaka iliyofuata wakaanza kurejeshwa korongoni.

Nimesikia watu wakiicheka kazi hii. Pesa zote hizo kwa chura! Mimi sicheki. Kilichokuwa kinatolewa bure na maporomoko, tone kwa tone, ilibidi kipimwe, kichorwe, kinunuliwe na kufungwa na watu wenye spana mkononi, na bado hakikuwa sawasawa na kile cha asili. Mahesabu ya megawati yalikuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho. Ukungu haukuwa na safu yake kwenye jedwali. Vijana mtakaochora miradi ya kesho, ongezeni safu.

Na mafundi bomba mnaodharauliwa mitaani: kule Kihansi kuna mabomba membamba yanayopita juu ya mawe yenye utelezi, vitundu vyake vinaweza kuziba kwa mchanga na majani, na mtu anapaswa kupanda kwenda kuvizibua. Akichelewa, pale chini panakauka. Sijui kazi nyingine ya ufundi bomba yenye mteja wa namna hiyo.

Ndugu mwenyekiti, nimeona saa yako. Tuingie maswali. Mama muuguzi, ulinyoosha mkono mapema nikakupita, niwie radhi. Na wewe fundi wa kofia nyekundu jiandae, najua unataka kubisha juu ya zile mara thelathini. Njoo na karatasi na kalamu, tupige hesabu hapa mbele ya watu.